Mume wangu anasema gari la umeme ni kama friji

BARUA

Shikamoo Mzee wa Gereji,

Naandika nikiwa na hasira kidogo, univumilie. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kigamboni, nafanya kazi Posta. Mwaka 2022 mimi na mume wangu tuliagiza Nissan Leaf kutoka Japani, ya mwaka 2016, ile ya betri ya kilowati-saa 30. Ilifika na kilomita 41,000, leo inasoma 78,000. Naenda nayo kazini na kurudi, kama kilomita 40 kwa siku. Usiku naichaji barazani kwenye soketi ya kawaida, umeme wenyewe wa LUKU kama watu wote.

Tangu ije haijakanyaga gereji. Sikatai. Kila nikigusia sevisi mume wangu anacheka: "Gari la umeme ni kama friji. Friji lako ulilipeleka sevisi lini?" Nami nanyamaza, maana ni kweli friji letu lina miaka kumi na moja na halijaguswa na mtu.

Wiki tatu zilizopita niko ndani ya pantoni, asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, nikazima gari nikabaki nasikiliza redio. Pantoni inagusa Magogoni, watu wanaanza kushuka, nabonyeza kitufe: dashibodi inawaka, inazima, taa zinacheza kama za harusi, na kitu kinagonga huko ndani, tik-tik-tik. Na chaji ilikuwa asilimia 80, Mzee, nimeiona kwa macho yangu! Vijana wakaja kusukuma, halisukumiki, gia imeganda kwenye P. Nyuma yangu honi na maneno. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, haya ndiyo magari ya simu." Aliyeniokoa ni dereva wa bajaji. Alifungua boneti, akaunga waya mbili kutoka kwenye betri ya bajaji yake, gari likaamka palepale kana kwamba halikuwa na neno.

Nikalipeleka gereji niliyoelekezwa na mwenzangu wa ofisini. Wakabadilisha ile betri ndogo kwa 230,000, hapo sina neno. Lakini wakanipa karatasi ya mambo mengine wanayosema ni ya lazima: kujaza gesi ya AC 120,000, kubadilisha kulanti 90,000, oili ya gia 180,000, pedi za breki magurudumu yote 240,000, kusafisha betri kubwa 450,000, na "sevisi ya kilomita 5,000" kwa 150,000. Pamoja na betri niliyokwisha kulipia ni 1,460,000. Na nirudi kila kilomita 5,000.

Mume wangu alipoiona ile karatasi aliinuka mezani. Anasema ni wezi, na kwamba sasa gari liuzwe kabla halijatumaliza, maana hata vistari vya betri kwenye dashibodi vilikuwa 11 lilipofika na leo ni 9 kati ya 12. Mimi gari langu nalipenda. Nani mkweli hapa, gereji au mume wangu? Na ratiba ya kweli ya gari kama hili ni ipi, na ni shilingi ngapi kwa mwaka? Kitabu chake kipo kwenye droo ya gari, lakini chote ni Kijapani.

Mwenye Leaf, Kigamboni


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa ya pantoni.

Nianze na friji, nisije nikalisahau. Mwambie baba watoto kwamba mfano wake una ukweli nusu. Mota ya Leaf kweli inafanana na ya friji: inazunguka tu, haina plagi za kuchoma, haina oili inayogeuka lami, haina mkanda wa taimingi. Lakini friji halina matairi, halina breki, na halipandi pantoni kila asubuhi kupigwa na upepo wa chumvi. Sehemu ambayo ni friji haihitaji kitu. Sehemu iliyobaki ni gari kama gari lolote, na hiyo ndiyo mmeisahau kwa miaka mitatu.

Kilichokukuta Magogoni ni jambo la kawaida kabisa. Leaf ina betri mbili. Kubwa ni ile ya chini ya sakafu, ya volti kama 360, inayosukuma gari. Ndogo ni ya volti 12, ya risasi na asidi, iko mbele chini ya boneti kama ya Corolla. Kazi ya ndogo ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa kutoka. Ikidhoofika, hata kubwa ikiwa imejaa pomoni gari halitaandika READY kwenye dashibodi, yaani liko tayari kuondoka, na gia haitatoka P kwa sababu inafunguliwa kwa umeme. Ile tik-tik-tik ni swichi zinajaribu kufunga na kukosa nguvu. Redio ndiyo iliyoimalizia: gari likiwa limezimwa na redio inaimba, betri ndogo inatoa tu, haiongezewi. Siku nyingine ukiwa kwenye foleni acha gari kwenye READY. Halingurumi wala halichomi kitu, na betri ndogo inaendelea kupata chaji.

Na kwa nini betri ya bajaji ilitosha? Kwa sababu Leaf haina staata ya kuzungusha injini. Inataka kuamshwa tu, halafu inajitegemea. Kinyume chake ni mwiko: usikubali mtu atumie Leaf yako kuwashia Fuso lake. Haikutengenezwa kutoa umeme wa kuzungusha staata ya mtu.

Betri hiyo ndogo hesabu kwamba utainunua kila miaka mitatu hadi minne katika joto letu, bila kusubiri ife. Fundi aipime kila mwaka. Kwa hiyo 230,000 ulizolipa ni halali, wala bei si mbaya.

Sasa tuishike ile karatasi. Mume wako anasema wezi. Mimi nimekaa gereji miaka mingi na nadhani jibu ni jepesi zaidi: wamejifunza kwa magari mengine. "Kilomita 5,000" ni kipimo cha oili ya injini, kimewakaa vidoleni, gari lolote likiingia wanaandika. Huna injini, kwa hiyo hizo 150,000 futa. Ukitaka kuhakikisha, waulize zinanunua nini hasa.

Kusafisha betri kubwa, 450,000. Hapa pia naona ilikotoka. Prius na Aqua, zile za haibridi, zina feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupooza betri, na feni hiyo hujaa vumbi na nywele. Kuisafisha ni kazi ya maana kabisa. Leaf haina kitu hicho. Betri yake ni boksi la chuma lililozibwa, kilo karibu 300, limefungwa kwa bolti chini ya gari, halina feni, halina chujio, linapoozwa na hewa inayopita nje tu. Kulifungua ili "kulisafisha" ni kuharibu ile lakiri inayozuia maji, halafu wewe unapita barabara za Kigamboni wakati wa masika. Futa, na kama walikwisha kulifungua niandikie haraka.

Gesi ya AC: je, AC yako haipoi? Hukuniambia kwamba haipoi. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli, ikipungua maana yake inavuja mahali. Lakini hili sitalipita haraka, kwa sababu ndiko Leaf nyingi zinakoumizwa mjini hapa. Kompresa ya gari lako haizungushwi na mkanda, ina mota yake ndani, ya umeme ule ule mkubwa, na mota hiyo inaoga ndani ya mafuta ya kompresa. Mafuta yanayotakiwa ni aina ya POE. Magari ya kawaida yanatumia PAG, na PAG hupitisha umeme. Fundi akikuongezea gesi kwa kopo lenye PAG, au kwa mashine ambayo mipira yake bado ina PAG ya gari lililotangulia, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi, kompyuta inauona, na siku moja gari linakataa kabisa kuwaka. Siku AC itakapoacha kupoza kweli, swali lako la kwanza gereji liwe hilo: mtaweka mafuta gani? Wakikuuliza "kwani kuna aina?", geuza gari.

Kulanti ipo, kwa sababu mota na vifaa vyake vya umeme vinapoozwa kwa maji. Ila ya kiwandani ni ya muda mrefu sana. Fungua boneti gari likiwa limepoa, tazama chupa: kiwango kikiwa kati ya MIN na MAX na rangi bado safi, iache. Ikipungua, usiongeze maji ya kisima. Maji ya visima vya Kigamboni mnayajua wenyewe, hata chai yanaiharibu.

Oili ya gia sikatai, ingawa si kwa bei hiyo. Leaf haina gia za kubadilisha, ina gia moja ya kupunguza mwendo, na ndani kuna oili isiyofika hata lita mbili. Nissan wanataka ikaguliwe, si kubadilishwa kila mara. Lakini gari lina miaka tisa, limetoka kwa mtu usiyemjua, na oili hiyo huenda ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Mimi ningeibadilisha mara moja sasa, aina ya Matic S iliyotajwa na Nissan, kisha ningeisahau kwa miaka mingi.

Breki nimeziacha makusudi, maana hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Ukiachia pedali, Leaf inageuza mota kuwa jenereta, gari linapungua kasi na umeme unarudi kwenye betri. Kwa hiyo pedi zinaguswa kidogo sana. Watu wanasifia kwamba pedi za gari la umeme hudumu mara mbili au tatu, na ni kweli. Wasilolisema ni kwamba breki isiyofanya kazi karibu na bahari inaota kutu. Mwaka jana nililetewa Leaf ya mtu wa pwani kama wewe, analalamika mlio gurudumu la nyuma kushoto. Nilipotoa tairi, pedi ya nje ilikuwa nene, unaweza kudhani imefungwa jana. Nikachungulia ya ndani: imekwisha mpaka chuma, na diski upande ule ina mifereji ya kuingiza kucha. Kilichotokea ni kwamba pini mbili ambazo kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, hutelezea zilikuwa zimeshikwa na kutu, kalipa haitembei, pedi moja inabeba kazi yote na mwenzake anatazama. Diski ilikuwa na rangi ya sufuria lililosahaulika uani. Pini zenyewe zilitoka kwa nyundo. Zikasafishwa, zikapakwa grisi ya breki, pedi za nyuma zikabadilishwa. Za mbele zilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo usilipe 240,000 za pedi za magurudumu yote bila kuziona. Waambie watoe matairi manne mbele yako, wakuonyeshe pedi ya nje na ya ndani kwa kila gurudumu. Unene ukiwa zaidi ya milimita 4, zibaki. Wanachotakiwa kufanya, na hakimo kwenye karatasi yao, ni kusafisha na kupaka grisi zile pini. Kwa mtu wa pantoni ni kila mwaka. Na wewe mwenyewe, mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu na gari likienda taratibu, weka gia N kisha kanyaga breki sawasawa mpaka lisimame. Kwenye N mota hairudishi umeme, breki inafanya kazi yote yenyewe na kutu inasuguka.

Kingine ambacho karatasi yao imekisahau ni mafuta ya breki, na ndiyo kitu pekee kwenye gari lako ambacho kimepitwa na muda bila ubishi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, gari likitembea au lisitembee, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha. Badilisha kila miaka miwili. Yako ina angalau mitatu tangu ifike, na ya huko nyuma haijulikani. Buusta ya breki ya Leaf inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo fundi afuate utaratibu wa gari hilo, asikanyage tu kama anavyozoea kwenye Noah.

Chujio la hewa ya ndani ni kila mwaka. La kwako sijui kama limewahi kutolewa, jiandae kukuta majani ya Japani.

Matairi ndiyo gharama kubwa ya kweli ya gari la umeme, na hakuna anayekutajia wakati wa kununua. Leaf ina uzito wa tani moja na nusu, na mota inatoa nguvu yote ghafla ukikanyaga. Upepo angalia kila mwezi, psi 36, imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Upepo ukipungua unapoteza tairi na kilomita za chaji kwa pamoja. Zungusha matairi mbele na nyuma kila kilomita 10,000, na piga alaimenti kila mwaka.

Na soketi ya barazani! Kuchaji usiku kucha kwenye soketi ya ukutani ya kawaida si sawa na kuchaji simu. Baada ya saa moja ya kuchaji, shika plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikuchoma, au plastiki imeanza kuwa kahawia, acha leo hii, mwite fundi umeme akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya mnene, soketi nzito ya ampea 16 na ardhi iliyopimwa. Nimeona soketi zilizoyeyuka, na ukuta wa baraza kwa kawaida una pazia na kochi karibu.

Bei sasa. Hizi ni ninazolipa mimi hapa mjini mwaka huu, kwako zitapishana kidogo. Mafuta ya breki na ufundi 45,000. Kusafisha kalipa zote nne 60,000. Chujio 25,000. Alaimenti 30,000. Oili ya gia, mara moja, 100,000. Ongeza kifaa cha kuchomeka cha kusomea kompyuta, nitakieleza chini, 40,000. Jumla 300,000, na humo kuna vitu ambavyo mwaka kesho hutavilipia. Mwaka wa kawaida utakuwa kati ya 120,000 na 160,000, na mwaka wa mafuta ya breki zaidi kidogo. Matairi manne ya 205/55 R16 kwa 190,000 kila moja ni 760,000. Kwa kilomita 12,000 zako za mwaka utayanunua kila baada ya miaka mitatu na nusu hivi.

Mume wako akisema hata hizo ni nyingi, mpigie hesabu ya chaji. Kilomita 1,000 za mwezi zinakula uniti kama 170 ukiweka na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi kama 357 kwa uniti baada ya kodi na tozo, ni 60,000 na kidogo. Gari dogo la petroli la kwenda kilomita 13 kwa lita lingetaka lita 77, na lita ikiwa 2,800 ni 215,000. Mnabakiza kama 155,000 kila mwezi. Sevisi yote ya mwaka ni ya mwezi mmoja tu wa hizo. (Kama nyumba yenu ilikuwa kwenye kundi la D1, lile la uniti 75 za bei ya chini, gari lilishawatoa huko, msishangae LUKU kupanda hata kwa taa na friji.)

Tuje kwenye vistari, maana ndicho kinachomfanya atake kuuza.

Vistari 12 haviko sawa. Cha kwanza kinapotea betri ikipungua takriban asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja ni asilimia 6 na ushee. Ukiwa na 9, betri yako imebaki kati ya asilimia 66 na 72 hivi. Kwa kilowati-saa (kWh) 30 za mwanzo, hiyo inakupeleka kilomita 110 hadi 120 ukijaza, AC ikiwa imewashwa. Wewe unatembea 40. Una akiba ya karibu mara tatu. Morogoro hutafika kwa chaji moja, lakini kazini utakwenda miaka.

Itaendelea kupungua, sitakudanganya. Tofauti na Tesla, Leaf haina maji ya kupooza betri, na joto ndilo linaloila. Wamarekani walilijua hilo mwaka 2012, wenye Leaf wa Phoenix, jangwani Arizona, walipoona vistari vikidondoka gari likiwa bado jipya. Mwaka uliofuata Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya vistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, wanaitengeneza. Betri za baadaye, pamoja na yako, zinavumilia joto zaidi kuliko zile. Hata hivyo egesha kivulini, hata ukitembea hatua mia zaidi kwenda ofisini. Siku za kawaida ishia asilimia 80, na usiiache imejaa 100 juani mchana kutwa. Weka taima imalize karibu na alfajiri, na ukijaza kabisa iwe kabla ya safari. Chaji ya haraka ya CHAdeMO itumie ukiwa na shida, si kwa mazoea, hasa kipimo cha joto la betri kikiwa kimepanda.

Kuhusu zile Leaf za kWh 30 kuna jambo moja. Mwaka 2018 ilibainika kwamba kompyuta ya betri kwenye nyingi kati ya hizo ilikuwa inasoma uwezo chini ya ulivyo, na Nissan ikatoa programu ya kurekebisha. Kwa hiyo kabla ya kuuza kwa hofu, ipime. Nunua kile kifaa cha OBD cha bluetooth, kichomeke chini ya usukani, pakua programu inaitwa Leaf Spy kwenye simu. Itakuonyesha SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia, na volti za jozi 96 za seli, kila jozi na nguzo yake. Nguzo zikiwa karibu sawa kwa urefu, betri inazeeka kwa heshima. Ikiwepo moja fupi peke yake, hasa chaji ikiwa chini ya asilimia 20, hapo ndipo pa kuzungumza, na hata hapo fundi mwenye ujuzi anaweza kubadilisha kipande kile bila kutupa betri nzima.

Fundi mwenye ujuzi utamjuaje? Muulize plagi ya kukata umeme mkubwa iko wapi kwenye Leaf. Ajibu bila kutafuta: sakafuni, chini ya kapeti, mbele ya kiti cha nyuma. Muulize akishaichomoa anasubiri muda gani kabla ya kugusa nyaya za rangi ya machungwa. Dakika 10, umeme uliobaki ndani ya vifaa uishe. Kisha mwombe akuonyeshe glavu zake za volti 1,000. Asiye nazo anaweza kukufanyia matairi, breki na betri ndogo bila shida yoyote. Machungwa asiguse. Na vijana wa kuosha magari nao uwaambie: boneti ya gari hili haifunguliwi kupigwa maji ya presha.

Kitabu cha Kijapani usikidharau. Elekeza simu kwenye kurasa zenye mihuri, itakutafsiria vya kutosha. Japani gari binafsi linakaguliwa kila miezi 12, na ukaguzi mkubwa wa kibali ni kila miaka miwili, ukiacha ule wa kwanza wa gari jipya. Ukikuta tarehe ya mwisho ya mafuta ya breki humo, utajua yana umri gani.

Anza na breki wiki hii, mengine yanasubiri mshahara. Ukishapata Leaf Spy nitumie picha ya ukurasa wa zile nguzo 96, gari likiwa limebaki na chaji kidogo, tuzungumzie kuuza tukiwa na namba mkononi. Na yule kijana wa bajaji, mkikutana tena Magogoni, muulize zile waya alizinunua wapi, nawe ununue zako uziweke kwenye buti.